Umio, Maziwa na Samaki: Mlo wa Kuondoa Vyakula Katika Visiwa vya Lamu

Miongoni mwa magonjwa yanayomzuia mtu kumeza chakula upo mmoja ambao hausababishwi na saratani, wala na tindikali ya tumbo peke yake, bali na mwili kukikataa chakula ambacho mtu huyo amekila tangu utotoni. Ugonjwa huo ni mchochota wa umio unaotokana na mzio. Umio ni mrija wa misuli unaoshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Mchochota ni hali ya sehemu ya mwili kuvimba na kuuma kwa sababu chembe za kinga zimejikusanya hapo. Na mzio, ambao wengi huuita aleji, ni kosa la kinga ya mwili kukipiga vita kitu ambacho kwa watu wengine hakina madhara yoyote. Mazungumzo haya yanahusu tiba ya ugonjwa huo kwa njia ya chakula, yaani mlo wa kuondoa vyakula, na hoja inayotetewa ni kwamba tiba hiyo inaweza kufuatwa katika visiwa vya Lamu pasipo kuvunja maisha ya kisiwani, ilimradi ianze na maziwa, iwaache samaki hadi hatua ya mwisho, na isifanywe kwa kubahatisha.

Chembe zinazohusika huitwa eosinofili. Hizi ni aina ya chembe nyeupe za damu, na jina lao limetokana na eosini, rangi nyekundu ambayo mtaalamu wa Ujerumani Paul Ehrlich aliitumia mwaka 1879 kuzitambua chini ya hadubini. Kwa kawaida eosinofili hukaa kwenye damu, tumboni na kwenye utumbo, ambako kazi yao kubwa ni kupambana na minyoo, lakini katika ukuta wa umio wa mtu mzima wa afya hazimo kabisa. Kwa miaka mingi madaktari waliozikuta humo walidhani zimeletwa na tindikali iliyopanda kutoka tumboni; ni mwaka 1993, kwa kazi ya daktari wa upasuaji Stephen Attwood na wenzake, na mwaka 1994, kwa kazi ya Alex Straumann na wenzake nchini Uswisi, ndipo hali hiyo ilipoelezwa kuwa ugonjwa wa peke yake. Tangu hapo imebainika kwamba protini za chakula, zikipenya kwenye utando wa ndani wa umio ambao kwa wagonjwa hawa ni dhaifu, huziamsha chembe za kinga, nazo hutoa kemikali zinazoziita eosinofili, na ugomvi huo ukiendelea kwa miaka, ukuta wa umio hujenga makovu, hukakamaa, na njia ya chakula hupungua upana.

Dalili hutofautiana kwa umri. Mtoto mchanga hutapika na kukataa kunyonya au kula. Mtoto wa shule hulalamika tumbo na kiungulia. Kijana na mtu mzima, na zaidi wanaume kuliko wanawake, huhisi chakula kinakwama kifuani, hasa nyama, mkate mkavu na wali uliokauka. Wengi wao wana pumu, ukurutu wa ngozi au mafua yasiyokwisha ya mzio, na wengi hujifunza kuuficha ugonjwa bila wao wenyewe kujua: hutafuna muda mrefu kupita kiasi, husukuma kila tonge kwa maji, huogopa kula mbele za watu. Mahali ambapo watu wanne au watano hukizunguka chakula katika sinia moja, kama ilivyo desturi ya Lamu kwenye arusi, matanga na siku za Maulidi, mtu wa namna hiyo huonekana ana haya au hana hamu ya chakula, na inaweza kupita miaka kabla jamaa zake hawajatambua kwamba anaumwa.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu katika Afrika Mashariki kukwama kwa chakula ni dalili nzito kuliko ilivyo Ulaya. Ukanda unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, una visa vingi vya saratani ya umio, na Hospitali ya Tenwek iliyoko Bomet, upande wa magharibi wa Kenya, imejulikana kwa miaka mingi kwa kuwahudumia wagonjwa wa saratani hiyo, wakiwamo vijana wasiofika hata miaka 30. Kwa hiyo mtu mzima anayeshindwa kumeza, hasa anayepungua uzito au ambaye hali yake inazidi kuwa mbaya wiki baada ya wiki, hapaswi kuanza kuacha chakula hiki au kile kwa kudhani ana aleji; anapaswa kwanza kuchunguzwa. Mwezi mmoja wa kubahatisha mlo unaweza kuwa mwezi ambao saratani iliutumia kukua.

Uchunguzi wenyewe ni wa endoskopi, yaani mrija mwembamba wenye kamera unaopitishwa kinywani hadi tumboni, pamoja na biopsi, ambayo ni kuchukua vipande vidogo vya nyama ya umio, angalau 6 kutoka sehemu mbalimbali, ili mtaalamu wa hadubini avitazame. Akiona eosinofili 15 au zaidi katika eneo moja la hadubini yenye nguvu kubwa, na dalili zikawa zinalingana, na sababu nyingine zikawa zimeondolewa, ndipo ugonjwa hutajwa kwa jina lake. Kipimo cha damu peke yake hakiwezi kuchukua nafasi ya biopsi, na jambo hili lina uzito wa pekee katika pwani ya Kenya, kwani minyoo ya tumbo, kichocho na vijidudu vya matende na mabusha, ambavyo serikali imekuwa ikivipiga vita kwa kampeni za kugawa dawa katika kaunti za pwani ikiwamo Lamu, vyote hupandisha eosinofili za damu. Mtu anaweza kuwa na eosinofili nyingi katika damu na umio wake ukawa mzima. Na kinyume chake pia hutokea.

Ushahidi kwamba chakula ndicho chanzo ulipatikana mwaka 1995 huko Baltimore, Marekani, pale watoto 10 waliokuwa hawaponi kwa dawa za tindikali walipoondolewa vyakula vyote na kupewa maziwa maalumu yaliyotengenezwa kwa amino asidi, yaani vile vipande vidogo kabisa vya protini ambavyo kinga ya mwili haiwezi kuvitambua. Watoto 8 walipona dalili zote na wawili wakapata nafuu, na vyakula vya kawaida viliporudishwa, dalili zilirudi. Dawa ilikuwa imepatikana, lakini ni dawa ambayo binadamu hawezi kuishi nayo: kinywaji cha bei kubwa, chenye ladha isiyopendeza, kinachomtenga mtoto na chungu cha mama yake. Ndipo mwaka 2006 madaktari wa watoto wa Chicago walipojaribu njia nyepesi zaidi, wakaondoa makundi 6 tu ya vyakula yanayojulikana kuleta mizio mara nyingi, nayo ni maziwa ya ng'ombe, ngano, mayai, soya, karanga pamoja na jamii ya korosho na lozi, na samaki pamoja na viumbe vya baharini vyenye magamba au makombe. Kati ya watoto 35 waliofuata mlo huo, asilimia 74 umio wao ulitulia, na mwaka 2012 mji huohuo ulitoa matokeo ya watu wazima 50 yaliyokaribiana na hayo.

Jambo lililowashangaza wengi katika utafiti huo wa watu wazima ni kwamba vipimo vya ngozi, vile vya kuchoma mkono kwa sindano ndogo zenye dondoo za vyakula, viliweza kutabiri chakula chenye kosa kwa takriban asilimia 13 tu. Sababu ni kwamba mzio huu si ule wa ghafla unaomvimbisha mtu midomo dakika chache baada ya kula kamba. Huu huenda taratibu, kwa siku na wiki, kupitia njia nyingine ya kinga. Kwa hiyo mgonjwa anayelipia orodha ndefu ya vipimo vya aleji katika maabara, kisha akaacha vyakula ishirini kwa sababu karatasi imesema hivyo, huwa amelipia mashaka. Hakuna njia ya mkato inayojulikana leo: chakula huondolewa, umio hutazamwa, chakula hurudishwa, umio hutazamwa tena.

Orodha ya makundi 6 ilitungwa Chicago, na hilo halipaswi kusahaulika. Walipoyafuatilia mambo hayo nchini Hispania, ambako dengu na jamii zake huliwa mara kwa mara, madaktari waliona kwamba vyakula vya jamii ya kunde vilikuwa chanzo kwa sehemu kubwa kiasi ya wagonjwa, ilhali Chicago soya ilionekana kwa wachache tu. Maana yake ni kwamba chungu cha mahali kina sauti katika ugonjwa huu. Hata hivyo, kote walikochunguza, maziwa na ngano ndizo zilizoongoza. Wahispania hao hao mwaka 2018 walipanga hatua za kupanda kwa wagonjwa 130: kwanza maziwa na ngano tu, na asilimia 43 wakatulia, walioshindwa wakaongeza kuacha mayai na jamii ya kunde, na jumla ikafika asilimia 60, na waliobaki tu ndio walioacha pia korosho, lozi, samaki na vyakula vingine vya baharini, na jumla ikafika asilimia 79. Kisha mwaka 2023 ukachapishwa utafiti wa Marekani uliowahusisha watu wazima 129, karibu nusu wakiacha maziwa pekee na waliobaki wakiacha makundi yote 6, na baada ya wiki 6 walioacha maziwa pekee walitulia kwa asilimia 34 na walioacha yote 6 kwa asilimia 40, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Kwa maneno mengine, mateso ya kuacha vitu sita hayakuwapa wagonjwa hao faida kubwa kuliko kuacha kimoja.

Matokeo hayo yana maana kubwa kwa Lamu kuliko kwa Chicago. Katika mji ambao samaki hununuliwa dukani au sokoni, kuacha samaki ni kubadilisha kitoweo cha Jumanne. Katika Amu, yaani mji wa Lamu, na katika Shela, Matondoni, Kizingitini, Faza na Kiwayu, samaki ndiye kitoweo cha kila siku, ndiye kazi ya baba, ndiye zawadi ya jirani, na mara nyingi ndiye protini pekee iliyo karibu kwa bei ambayo nyumba ya mvuvi inaimudu. Daktari akimpa mvuvi wa Pate karatasi ya makundi 6 bila kufikiri, huwa amemwondolea changu, tasi, nguru, papa, kaa, kamba na pweza kwa siku moja, kabla hata ya kujua kama kikombe chake cha chai ya maziwa ndicho chenye kosa. Huo si uangalifu. Ni ukatili unaofanywa kwa nia njema, na mgonjwa atauacha mlo huo ndani ya wiki mbili, naye atakuwa na haki.

Kuacha maziwa, kwa upande mwingine, kunawezekana sana katika jiko la Waswahili, kwa kuwa tui la nazi limekwishachukua nafasi kubwa ambayo kwingine huchukuliwa na maziwa. Wali wa nazi, mchuzi wa samaki wa nazi, mbaazi za nazi, muhogo wa nazi, vitumbua na vibibi vya unga wa mchele, vyote hupikwa bila tone la maziwa, na nazi haimo katika orodha ya makundi 6. Ugumu uko katika mahali ambapo maziwa yamejificha. Biriani hutiwa mtindi. Pilau, chapati na halua hupakwa au kupikwa kwa samli, na samli, ingawa ni mafuta, huwa na mabaki ya protini ya maziwa. Biskuti na keki za madukani huwa na siagi au maziwa ya unga. Kaimati za baadhi ya wapishi hukandwa kwa mtindi. Na faluda na baadhi ya sharbati za matunda ni maziwa matupu. Maziwa ya mbuzi si kimbilio, kwa kuwa protini zake zinafanana mno na za ng'ombe. Nyama ya ng'ombe, kinyume na wanavyohofia wengi, inaruhusiwa. Chai ya rangi yenye tangawizi na iliki, au kahawa chungu, hubaki bila kizuizi. Kwa mtoto, na kwa mama mwenye mimba au anayenyonyesha, madini ya kalsiamu yanayopotea pamoja na maziwa lazima yatafutwe kwingine: katika simsim, ambayo hulimwa upande wa bara wa kaunti hiyohiyo, katika mboga za majani, na katika samaki wadogo wanaoliwa pamoja na mifupa yao, jambo ambalo ni sababu nyingine ya kutowaondoa samaki mapema.

Ikiwa hatua ya pili itahitajika, ngano ndiyo inayofuata, nayo ina machungu yake, kwa kuwa mahamri, chapati, sambusa, tambi, visheti na mkate wa boflo ni ngano tupu, na mwezi wa Ramadhani meza ya futari hujaa vitu hivyo. Lakini futari hiyohiyo ina muhogo, viazi vitamu, ndizi mbichi, tende na mkate wa sinia wa mchele, na kuna mkate wa mofa wa unga wa mtama, chakula cha kale ambacho mgonjwa anaweza kukitegemea akihakikisha kwamba muokaji hakuchanganya unga wa ngano ili mkate ushikane. Mkate wa sinia nao uulizwe kama umetiwa yai, pale mayai yatakapokuwa yameondolewa pia.

Soya na karanga huonekana si tatizo kwa sababu watu wachache huzipika kama chakula kikuu, ila zimo katika unga wa uji wa lishe unaouzwa kwa pakiti, ambao mara nyingi huchanganya nafaka, soya, njugu na hata omena waliosagwa. Mtoto mmoja hunyweshwa hivyo makundi matatu katika kikombe kimoja. Uji wa mtama au wa mahindi peke yake, uliosagwa mashine ya mtaani, ni salama zaidi. Korosho ni rahisi kuzitambua, na mafuta ya kukaangia ni magumu: karai lililokaanga samaki asubuhi likakaanga muhogo jioni hubeba protini ya samaki, na mgonjwa aliyefikia hatua ya kuacha samaki lazima awe na karai lake, kama ambavyo kwenye sinia ya pamoja lazima apakuliwe sahani yake mapema, kabla mikono haijachanganya mchuzi.

Gharama iliyo nzito kuliko chakula ni safari. Dalili hazitoshi kuthibitisha kwamba umio umetulia, kwa maana mtu anaweza kujisikia vizuri huku eosinofili zingali zimejaa, na anaweza kuendelea kukwamwa na chakula kwa sababu ya kovu la zamani hata chembe zikishaondoka. Kwa hiyo kila hatua ya mlo, ambayo huchukua wiki 6 hadi 8, hufungwa kwa endoskopi na biopsi. Mgonjwa wa visiwani huanzia zahanati yake au Hospitali ya King Fahd mjini Lamu, na uchunguzi wa kamera ukihitajika katika hospitali kubwa za Mombasa, huvuka kwa boti hadi Mokowe, kisha hupita Witu, Garsen na Malindi, mwendo wa zaidi ya kilomita 300. Mlo wa makundi 6 unaorudisha chakula kimoja kimoja unaweza kudai endoskopi 8: ya kwanza ya kutambua ugonjwa, ya pili baada ya kuacha vyote, na nyingine baada ya kila kundi linalorudishwa. Mlo wa kuacha maziwa pekee unadai mbili. Tofauti ya safari sita za kwenda na kurudi ndiyo inayoamua, katika nyumba ya mvuvi, kama tiba itafuatwa au itaachwa.

Hesabu hiyo pia ndiyo inayofanya dawa zisidharauliwe. Dawa za kupunguza tindikali kama omeprazo, ambazo hupatikana kwa urahisi na kwa bei nafuu, huutuliza umio wa karibu nusu ya wagonjwa, kwa kuwa kazi yao haiishii kwenye tindikali. Dawa za pumu za jamii ya steroidi, zikimezwa badala ya kuvutwa mapafuni, hufika kwenye umio na kutuliza mchochota, na hukaa vizuri zaidi mgonjwa asipokula wala kunywa kwa nusu saa baadaye. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha pia sindano iitwayo dupilumabu kwa ugonjwa huu, lakini bei yake iko mbali na mfuko wa familia nyingi. Dawa hizo hutuliza zikiwa zinatumika na ugonjwa hurudi zikiachwa, ilhali mlo unaomtambua mkosaji humpa mgonjwa njia ya kuishi bila dawa. Kwa hiyo uchaguzi ni wa mgonjwa na daktari wake, kwa kuangalia uwezo wa kusafiri, umri, uzito wa mwili na hali ya umio.

Yapo mambo mawili ya hatari ambayo hayangoji mashauriano. La kwanza ni kipande cha nyama au chakula kilichokwama kifuani kiasi kwamba hata mate hayashuki: desturi ya kumeza tonge kubwa la wali au ndizi ili kukisukuma, ile inayotumiwa kwa mwiba wa samaki, inaweza kuupasua umio uliokakamaa, na mtu huyo anapaswa kupelekwa hospitali mara moja bila kupewa kitu kingine mdomoni. La pili ni kurudisha chakula kilichoachwa kwa miezi mingi, hasa kwa mtoto mwenye pumu au ukurutu, kwa kuwa wachache wao hupata mzio wa ghafla wa chakula ambacho zamani hakikuwadhuru kwa namna hiyo, na kwa hiyo kikombe cha kwanza cha maziwa kinywewe mahali penye mhudumu wa afya na dawa ya adrenalini.

Kwa mgonjwa ambaye ameacha maziwa kwa uaminifu na biopsi ikaonyesha hakuna mabadiliko, maziwa hurudishwa au hubaki nje kwa ushauri wa daktari, ngano huondolewa, kisha mayai na jamii ya kunde, mbaazi na dengu zikiwamo kwa sababu katika pwani huliwa zaidi ya soya. Ni baada ya hayo yote, na kwa mgonjwa ambaye umio wake bado umewaka na dawa hazikumfaa, ndipo inapokuwa halali kumwomba mtu wa Lamu aweke samaki pembeni kwa wiki 6, akiwa ameelezwa tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, na siku ambayo umio wake utatazamwa.